Huruma Inayolemaza



Julai ikifika na shule zikifungwa, viwanja vya parokia zetu hujaa. Kuanzia Butembo hadi Beni, vijana wa Kiro, wa Xaveri na wa Skauti hupanga kambi zao, wanakwaya hufanya mazoezi kutwa, na wengine hujiandaa kwa mashindano ya mpira. Sisi tuliokwisha kula chumvi nyingi hufurahi tunapowaona, kwa maana kijana asiye na kazi wakati wa likizo hutafutwa na wengi, na si wote wanaomtafuta kwa heri.

Lakini leo tunataka kuwauliza swali moja, bila kulilainisha. Katika kambi yenu ya mwaka jana, ni mtoto gani aliyekuwamo mwenye mkono mmoja uliolegea? Hatusemi yule aliyeletwa siku ya mwisho akapewa sabuni na kupigwa picha. Tunasema mtoto aliyecheza, aliyeimba, aliyechafuka na kuchoka pamoja na wenzake. Kama hakuwamo, msidhani kwamba hayupo parokiani. Yupo. Mnamfahamu. Hutembea akichechemea kidogo, mkono mmoja ameukunja kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga, na watu wakimwona husema, «Maskini, mtoto wa Mungu», kisha hupita.

Neno letu ni hili: mtoto huyo hahitaji umaskini huo tunaompa kwa midomo yetu. Anahitaji saa zetu. Na huruma yetu, kwa namna tunavyoitoa leo, ndiyo inayomaliza kuulemaza mkono ambao ugonjwa uliuacha na uhai.

Ugomvi wa siku ya mapumziko

Injili ya Marko, katika sura ya 3, inatusimulia habari ya mtu aliyekuwa na mkono uliokauka. Luka, ambaye mapokeo yanamwita tabibu, anaongeza jambo dogo katika sura ya 6: mkono ule ulikuwa wa kuume, yaani mkono wa kazi, wa kusalimia na wa kulia chakula. Mara nyingi tunaihubiri habari hii kama muujiza tu, tukasahau kwamba ni habari ya ugomvi. Ugomvi wenyewe haukuhusu kama mkono ule waweza kupona. Ulihusu kama yafaa kuushughulikia siku ya mapumziko.

Bwana alifanya mambo matatu. Kwanza, alimwita yule mtu asimame katikati, wala hakumwacha penye mlango. Pili, aliwauliza wenye dini swali wasiloweza kulijibu. Wakanyamaza, naye akakasirika na kuhuzunika kwa ugumu wa mioyo yao. Tatu, hakuushika mkono ule akaunyosha yeye. Alimwagiza mwenye mkono aunyoshe mwenyewe. Aliyezoea kutendewa aliagizwa kutenda.

Ndugu vijana, likizo ndiyo siku yenu ya mapumziko. Basi swali lililoulizwa katika sinagogi ndilo swali la Julai na Agosti, na kunyamaza ni kujibu.

Kosa letu wenyewe

Msidhani tunawalaumu tukiwa tumesimama mahali pasafi. Miaka mingi iliyopita, katika darasa la Komunyo ya kwanza, tulikuwa tukifundisha ishara ya msalaba. Mtoto mmoja aliifanya kwa mkono wa kushoto. Tukamkemea mbele ya wenzake: mkono wa kuume! Akarudia kwa mkono wa kushoto. Tukamkemea tena. Watoto wakacheka. Ndipo tukamwona akiushika mkono wake wa kuume kwa ule wa kushoto, akijaribu kuuinua kama mtu anayeinua mzigo wa kuni. Ukafika kifuani, ukaanguka. Akaukalia. Dominika iliyofuata hakuja.

Baada ya miezi tulikutana na mama yake sokoni. Tukamwuliza habari za mtoto. Akatujibu kwa upole uliotuumiza kuliko matusi: mtoto amekataa kurudi, kwa kuwa ameelewa kwamba Mungu hautaki mkono wake.

Sisi tuliosomea ualimu, tuliofundishwa kumchunguza mtoto kabla ya kumhukumu, ndio tuliomfundisha hayo. Kwetu kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni utovu wa adabu, na adabu hiyo ni njema kwa mwenye mikono miwili. Lakini adabu isiyotazama mtu imegeuka fimbo. Ni watoto wangapi wamepigwa kofi nyumbani au kuaibishwa darasani kwa sababu walisalimia kwa mkono pekee waliokuwa nao?

Mkono huu umetoka wapi?

Mara nyingi mkono wenyewe hauna kosa. Mifupa ipo, misuli ipo, vidole vitano vipo. Jeraha limo katika ubongo, upande ulio kinyume: ubongo wa kushoto huongoza mkono wa kuume, na ubongo wa kuume huongoza mkono wa kushoto. Jeraha hilo laweza kutokea mtoto akingali tumboni, mshipa wa damu ya ubongo ukiziba. Laweza kutokea wakati wa kuzaliwa, uzazi ukikawia na pumzi ikikosekana. Laweza kutokea baadaye, kwa malaria iliyopanda kichwani ikaleta degedege, au kwa homa ya uti wa mgongo, au kwa mtoto mwenye ugonjwa wa damu tunaouita SS, ambao huweza kuziba mishipa ya ubongo. Watoto wengine walivutwa kwa nguvu begani walipokuwa wakizaliwa, mishipa ya fahamu itokayo shingoni ikaumia; hao ubongo wao ni mzima, na matibabu yao yana njia yake.

Ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, nchini Uganda, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya za Iganga na Mayuge. Mwaka 2017 walitangaza kwamba karibu watoto 3 katika kila 1,000 wana ulemavu utokanao na jeraha la ubongo la utotoni. Katika takribani robo ya watoto hao, jeraha lilikuja baada ya majuma ya kwanza ya maisha, na malaria ilikuwa sababu kubwa. Tunarudia: malaria. Si shangazi, si bibi, si jirani mwenye wivu. Basi anayekuja nyumbani kwa mama huyo na kumwambia kwamba mtoto «amefungwa» na mtu, kisha akadai mbuzi au dola ili amfungue, huyo ni mwizi, hata akivaa msalaba mkubwa kifuani. Na anayemwita mtoto mwenyewe mchawi amevunja sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inayomlinda mtoto, kabla hata hatujazungumza juu ya amri za Mungu.

Iko dalili moja ambayo kila dada na kila mama kijana anapaswa kuijua. Mtoto mchanga hutumia mikono yote miwili. Akianza kupendelea mkono mmoja kabla ya kutimiza mwaka mmoja, huku mwingine akiufumba ngumi, msifurahi mkisema ameanza kuwa na akili. Mpelekeni akapimwe.

Mkono uliofundishwa kulala

Sasa tusikilize jambo ambalo ndilo kiini cha maneno yetu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, alichunguza kwa miaka mingi kwa nini kiungo kilichodhoofika huachwa kabisa. Alianza kwa kuchunguza tumbili. Akaona kwamba mnyama aliyepoteza hisia za mkono mmoja hujaribu kuutumia, hushindwa, hujaribu tena, hushindwa tena, huku mkono mwingine ukifaulu kila mara. Mwishowe hujifunza kutoutumia kabisa, hata wakati ambapo uwezo fulani ungekuwapo. Lakini mkono mzima ulipozuiwa, ule mdhaifu ulilazimika kufanya kazi, nao ukafanya. Kutokana na hayo yalizaliwa matibabu yanayozuia mkono wenye nguvu kwa saa kadhaa, ili ule mwingine uamke.

Tazameni sasa nyumba zetu. Mtoto anataka kumenya ndizi. Dada yake anamnyang'anya na kummenyea. Anataka kufunga vifungo vya shati. Mama anamfungia, kwa kuwa saa ya Misa imekaribia. Anataka kushika beseni upande mmoja ili mwenzake ashike upande wa pili. Anaambiwa, «Acha, utamwaga». Anataka kunawa mikono yote miwili, tunamnawisha mmoja. Kila mmoja wetu ametenda kwa upendo, na kila mmoja amempa somo lile lile: mkono huo si wa kazi. Baada ya miaka kumi ya masomo hayo mtoto amefaulu mtihani. Mkono umelala, kiwiko kimekaza, vidole vimejikunja, nasi tunasema ni ugonjwa. Sehemu yake ni ugonjwa. Sehemu yake ni sisi.

Samaki mkunje angali mbichi, wazee wetu walisema. Methali hiyo tumeitumia kuhalalisha fimbo. Itumieni safari hii kwa mkono wa mtoto.

Kambi za mchana: habari yenyewe

Katika nchi nyingine, wataalamu walijiuliza: mtoto atapata wapi saa za kutosha za kuutumia mkono wake? Tufanye hesabu pamoja. Mtoto anayefika kwa mtaalamu wa viungo, yule tunayemwita kine, nusu saa kila juma bila kukosa hata mara moja, kwa mwaka mzima amepata saa 26. Ni wangapi kwetu wanaofika kila juma, kukiwa na nauli ya motari, mvua, na barabara isiyopitika? Jibu la wataalamu hao lilikuwa kambi ya likizo, mtoto anakuja asubuhi na kurudi kwao jioni. Katika Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York, Andrew Gordon na wenzake walifanya kambi za saa 6 kwa siku, siku 10 hadi 15, yaani saa 60 hadi 90. Saa 90 katika majuma 3! Kwa mwendo wa nusu saa kila juma, zingechukua zaidi ya miaka 3.

Na saa hizo hujazwa nini? Michezo. Michezo iliyochaguliwa kwa akili, ambayo haiwezekani bila mikono miwili: mkono mmoja ukishika, mwingine ukitenda. Mchezo huanza kuwa rahisi, kisha hukazwa kidogo kidogo kadiri mtoto anavyoweza. Mtoto hujichagulia shabaha yake: kukata nyama mwenyewe, kusuka nywele za mwanasesere, kufunga viatu. Jijini London zimekuwapo hata kambi zinazowafundisha watoto hawa viini macho vya karata na kamba, kwa sababu kila kiini macho kinadai vidole vya mikono yote.

Majaribio yalipolinganisha njia ya kuzuia mkono mzima na njia ya kuitumia mikono yote pamoja, kwa idadi sawa ya saa, mikono ilinufaika kwa kiasi kinachokaribiana. Mwaka 2013, mtaalamu wa Australia, Iona Novak, pamoja na wenzake, walipima tiba nyingi wanazopewa watoto wenye jeraha la ubongo. Njia hizi mbili ziliwekwa miongoni mwa zile zenye ushahidi wa kutosha. Kumnyosha mtoto viungo huku yeye amelala tu hakukupata sifa hiyo. Hilo liwasikitishe wote wanaomtoza mama fedha kila juma kwa kumkanda mtoto mafuta na kumrudisha nyumbani hajafanya kitu kwa mkono wake mwenyewe.

Na ni nani waliokaa na watoto katika kambi zile za Columbia, kila mtoto na mtu wake? Wataalamu walikuwapo, wakisimamia. Lakini wengi waliocheza na watoto walikuwa wanafunzi waliofundishwa kazi hiyo. Vijana, kama ninyi.

Visingizio vyetu, kimoja kimoja

Kisingizio cha kwanza: «Hayo ni ya Wazungu, yanahitaji fedha.» Yanahitaji nini? Uwanja, tunao. Kivuli, tunacho. Kamba za migomba, maharagwe ya kutolewa katika maganda, udongo wa mfinyanzi, ngoma za kanisani, mipira ya majani ya migomba, visoda, nguo za kukunja, chukudu ndogo za watoto zenye usukani wa kushikwa pande mbili. Ni kitu gani hapo kinachongoja meli kutoka Ulaya? Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilizaliwa hapa Butembo mwaka 1989, enzi za Askofu Emmanuel Kataliko, kwa sababu watu wa hapa walichoka kungoja. Wazazi wetu wamejenga shule na makanisa kwa salongo, jiwe juu ya jiwe. Uji wa watoto kumi kwa majuma matatu hauwezi kushinda likelemba ya vijana wa parokia nzima.

Kisingizio cha pili: «Hiyo ni kazi ya hospitali.» Kweli, uchunguzi ni kazi ya hospitali, na mwongozo ni kazi ya kine. Hatuwaambii mjifanye waganga. Lakini hakuna hospitali itakayompa mtoto mmoja saa sita kwa siku, kwa kuwa saa hizo si za dawa, ni za kuwa pamoja. Kumbukeni Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikiwa imezuka Mangina, karibu na Beni, na ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 2,200. Nani alisimama penye milango ya makanisa yetu na ndoo ya maji yenye dawa? Vijana. Hamkuwa madaktari. Mlifundishwa kazi, mkaifanya kwa utii kila siku. Na tuliponawa pale mlangoni sote tulijifunza kwamba mkono mmoja haujioshi wenyewe. Mtoto wetu alilijua hilo tangu zamani, na hakuna aliyemwuliza.

Kisingizio cha tatu: «Tuko vitani.» Hapa tunashusha sauti, kwa kuwa hili si kisingizio tu, ni kilio. Tangu Oktoba 2014 tunazika watu waliouawa kandokando ya Beni. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi. Familia zimekimbia na vitanda kichwani. Lakini tazameni: ni kwa sababu hiyo hiyo kambi ya mchana inatufaa. Haimlazi mtoto mbali na mama yake. Haimpeleki msituni wala ng'ambo ya mto. Inaanza jua likiwa juu na kwisha jua likiwa juu, ndani ya ua wa parokia. Na watu wanapokimbia, ni nani huachwa nyuma, au hubebwa mgongoni na kumchelewesha mama? Kila kidole kinachojifunza kushika ni kidole kitakachoshika kamba ya mzigo siku hiyo. Hatuombi siku hiyo ije. Tunasema tu kwamba vita havijawahi kuwa sababu ya kumwacha mtoto mdhaifu. Ni sababu ya kumwanza yeye.

Kisingizio cha nne kinavaa mavazi matakatifu: «Tunamwombea.» Mwombeeni! Sisi pia tunamwombea. Lakini sala inayompita mtoto na kwenda mbinguni bila kusimama kwake inamkwepa Mungu aliyesimama kwake. Anayemwombea mtoto mkono kisha akakataa kumpa saa moja ya kucheza naye anamwomba Mungu afanye muujiza ili yeye asifanye kazi.

Na kisingizio cha mwisho ni cha sherehe. Mara moja kwa mwaka tunawakusanya walemavu, tunawapa sabuni, chumvi na hotuba, wanatupigia makofi, nasi tunarudi nyumbani tumeshiba wema wetu. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda na kukuza haki za watu wenye ulemavu. Serikali haikuandika neno sadaka, iliandika haki. Itakuwa aibu kubwa ikiwa gazeti la serikali litasema haki, na Kanisa la Kristo likaendelea kusema sabuni.

Tunachowaomba kufanya

Tunawaomba jambo lenye mipaka. Kila kikundi, kabla ya Pasaka, kipite katika jumuiya zetu ndogo za Kikristo na kuuliza kwa heshima, bila kelele: ni nani mwenye mtoto wa umri wa shule ambaye mkono wake mmoja ni mdhaifu? Msiandike majina yao ukutani. Ongeeni na Mama, ongeeni na Baba. Ridhaa ni yao, na ya mtoto mwenyewe.

Kisha mtafuteni kine, au wanafunzi wa udaktari walio karibu nanyi, mkamwombe siku chache za mafunzo. Yeye ndiye atakayemwona kila mtoto kabla ya kambi na kusema yupi afaa, yupi ana kifafa, yupi anahitaji kwanza matibabu mengine. Msiufunge mkono mzima wa mtoto kwa uamuzi wenu. Kipimo hicho ni cha mtaalamu peke yake. Msimvute kiungo kwa nguvu. Akilia kwa maumivu, mmekosea. Na mkono uliolegea ghafla, leo au jana, si wa kambi: ni wa hospitali saa hiyo hiyo, hasa kwa mtoto mwenye SS.

Kambi ikianza, kila mtoto awe na kijana wake mmoja, yule yule kila siku, na wasikae kamwe wawili peke yao mahali pasipoonekana. Watoto wazima wawemo pia, ndugu zake na marafiki zake, ili isiwe kambi ya walemavu bali kambi ya watoto. Asubuhi wapige ngoma kwa mikono miwili. Wasokote kamba, kisha wairuke. Watoe maharagwe katika maganda, na maharagwe hayo ndiyo yapikwe. Wafinyange ng'ombe wa udongo. Wafue fulana zao wenyewe na kuzikamua. Wabebe beseni wawili wawili. Na ninyi, vijana, jifunzeni kazi ngumu kuliko zote hizo: kukaa na mikono yenu magotini mtoto anapohangaika na kizibo cha chupa, msimfungulie. Mhesabieni. Mchekeshe. Msubirini. Kidole kimoja hakivunji chawa, na cha pili kinachelewa kufika, mkikisubiri, kitafika.

Tuseme pia ukweli ambao wauza miujiza hawausemi. Kambi haifuti jeraha la ubongo. Hakuna mtoto atakayerudi nyumbani na mkono mpya. Mmoja ataweza kushika kikombe kwa mkono uliokuwa haushiki. Mwingine mkono wake utakuwa msaidizi mwema tu, wa kushikilia daftari asije likateleza wakati mwingine unaandika. Mwingine hatapata hata hilo, lakini majuma matatu atakuwa ameitwa kwa jina lake badala ya kuitwa maskini. Na kambi ikiisha bila wazazi kufundishwa kuendeleza nyumbani, sehemu ya faida itapotea. Kwa hiyo siku ya mwisho msiwaalike wazazi kutazama maonyesho. Waalikeni kujifunza kusubiri, kama ninyi mlivyojifunza.

Tunamaliza na yule mtoto wa ishara ya msalaba. Tulimfuata kwao, tukachelewa miezi mingi, lakini tulikwenda. Tulimwomba msamaha mbele ya mama yake. Kisha, badala ya kumwambia mkono upi ni wa kuume, tulimwomba atuonyeshe yeye namna anavyoweza. Akaushika mkono wa kuume kwa ule wa kushoto, akauinua hadi kwenye paji la uso, akaushusha kifuani, akaupeleka bega hili na bega lile, polepole sana. Ilichukua muda mrefu. Tangu siku hiyo sisi huona haya tunapopunga mkono usoni kama mtu anayefukuza nzi, tukaita hiyo ishara ya msalaba.

Mtoto yule aliomba kwa mikono miwili. Ni sisi tuliokuwa tukiomba kwa mmoja.

Kwa mazungumzo katika vikundi

1. Katika eneo la jumuiya yetu, ni watoto wangapi wenye mkono mmoja mdhaifu tunaowafahamu kwa jina? Kama hatumjui hata mmoja, ni kwa sababu hawapo, au kwa sababu hatujauliza?

2. Ni jambo gani tunalowatendea watoto hao kwa huruma ambalo wangeweza kujaribu wenyewe?

3. Likizo ijayo ina saa ngapi? Tukitoa saa 90, kila mmoja wetu atatoa ngapi, na ataanza siku gani?